Kusafisha Baraza Kusiwe Adhabu

Kila muhula, siku mbili tatu kabla ya wageni kufika, husikika kelele moja mbele ya bwalo letu. Ni kelele ya mapanga na makoleo yakikwangua saruji. Wanafunzi waliochelewa gwaride, waliozungumza wakati wa kujisomea, na wale walioonekana shati nje, wote wameinama mstari mmoja, na vumbi jeupe limewapaka mpaka kope. Wanakwangua mavi ya kunguru. Wageni wakifika hukuta baraza lenye mikwaruzo, madoa yapo palepale yalipokuwa, na nusu ya wale wakwanguaji wanakohoa.

Nimeomba nafasi katika gazeti letu ili niseme jambo moja tu. Kazi ya kuondoa kinyesi cha ndege katika saruji yafaa itolewe katika orodha ya adhabu na iwekwe katika orodha ya zamu; ifanywe kwa maji wala si kwa vumbi, na kwa ujuzi wala si kwa hasira. Sisemi haya kwa sababu naogopa kazi. Mimi ni Kiranja wa Usafi, na kosa kubwa kuliko yote yaliyopata kufanyiwa baraza lile nililifanya mimi mwenyewe. Nitalieleza mahali pake, wala sitajificha.

Kwanza tumjue tunayepambana naye. Baraza la bwalo limo chini ya mkungu mkubwa na mzambarau, na miti hiyo miwili ndiyo nyumba ya kunguru wakati wa jioni. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alikula taka, kisha akaendelea kula mayai ya ndege wengine na vifaranga vya watu, akavuka maji akaja bara, na leo hakuna mji wa pwani usiomjua. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Mjue, basi, kwamba hatuzungumzii wageni wa siku moja. Hapa wapo, na kila jioni watatua, na kila asubuhi tutayakuta waliyotuachia.

Sasa tuyatazame hayo waliyotuachia, maana mtu hawezi kuondoa kitu asichokijua. Ndege hakojoi kama mbuzi au ng'ombe. Uchafu wake wote hutoka kwa tundu moja na kwa mara moja. Ile sehemu nyeusi au ya kahawia ni mabaki ya chakula. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake, nao si maji, bali ni uji mzito wa kitu kiitwacho asidi yuriki. Asidi hii ina tabia moja ya kukumbukwa: haiyeyuki upesi katika maji matupu. Ndiyo sababu mvua ya rasharasha hupita juu ya mavi ya kunguru ikayaacha kama ilivyoyakuta, ilhali tope la viatu vyetu limekwenda zamani.

Na saruji nayo, ijapokuwa twaiona ngumu kama jiwe, imejaa vitundu vidogo visivyohesabika. Ni njia zilizoachwa na maji wakati saruji ilipokuwa ikikauka na kukaza. Kinyesi kikidondoka kingali kibichi, majimaji yake huingia katika vitundu hivyo. Jua la saa nne likikipiga, kinakauka na kushika humo ndani kama mizizi ya mti. Tena ndani ya saruji mna chokaa, na chokaa na asidi havikai nyumba moja kwa amani. Tone moja la kunguru halibomoi nyumba, hilo ni kweli. Lakini matone ya miaka mingi mahali pamoja huila kidogo kidogo ile niru laini ya juu, na mahali palipoliwa hushika uchafu kuliko palipo pazima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Doa la mwaka jana huwa jeusi au la kijani, ingawa mavi yenyewe yalikuwa meupe. Kwa nini? Kwa sababu kinyesi cha ndege ni mbolea nzuri. Kina naitrojeni na fosforasi, na mwani na kuvu wakipata chakula hicho pamoja na unyevu wa kivuli hustawi juu ya saruji kama mchicha shambani. Kwa hiyo mara nyingi tunalokwangua si kinyesi tena, bali ni bustani ndogo iliyoota juu yake. Na wakati wa zambarau huja balaa la tatu: ndege hula tunda, na rangi ya zambarau hupita ndani yao ikatoka vilevile, ikaandika sakafu yetu kwa wino ambao sabuni peke yake haiufuti.

Hayo matatu, yaani uji mweupe ulioganda, mwani mweusi na wino wa zambarau, si ugonjwa mmoja, wala dawa yake si moja. Sisi tumeyatibu yote kwa panga.

Nije sasa kwenye vumbi, maana hapo ndipo penye neno zito, na ningependa wazazi walisome. Kinyesi kikiwa kibichi kimetulia chini. Kikikauka na kukwanguliwa, kinaruka na kuingia puani. Pamoja na vumbi hilo huweza kuruka kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Mmoja huitwa histoplazima; huota katika udongo uliorutubishwa na kinyesi cha ndege au cha popo, na mtu akimvuta huweza kumletea ugonjwa wa mapafu. Mwingine ni kriptokoka. Tangu mwaka 1955 yajulikana, kwa kazi ya mtaalamu wa Marekani Chester Emmons, kwamba huyu hukaa katika kinyesi cha njiwa. Watu wengi wenye afya huvuta vumbi hilo wasipatwe na neno. Lakini katika shule yenye mamia ya watoto hawakosi wenye pumu, wala hawakosi ambao kinga ya miili yao imepungua kwa maradhi ambayo si wajibu wao kututangazia. Mwalimu anapotoa adhabu huona kosa la mtoto; mapafu yake hayaoni. Adhabu ya kukata nyasi humchosha mwenye kosa, kesho akaamka mzima. Adhabu ya kuvuta vumbi la mavi haina kipimo, kwani hakuna ajuaye itamwacha nani na itamshika nani.

Sasa niungame. Mwaka jana, kabla ya mahafali, nilichoka na aibu ya baraza lile. Nilisikia kwamba asidi ya kusafishia vyoo hung'arisha kila kitu, nikamwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kuitumia, naye akanikubalia kwa kuniamini. Tulikuwa wanne. Tulimimina usiku, kwa taa ya bwalo, na asidi ikachemka juu ya sakafu na kutoa povu jingi. Tulifurahi sana. Tulidhani povu lile ni uchafu unaokufa. Mwenzetu mmoja aliyevaa ndara alidondokewa mguuni. Tukammwagia maji ndoo nzima upesi upesi, na hata hivyo alama anayo mpaka leo. Asubuhi baraza lilikuwa jeupe kama sahani, nami nikasifiwa mbele ya gwaride.

Sifa ile haikudumu mwezi. Nilipopita siku moja bila viatu niliona sakafu inakwaruza nyayo kama msasa. Niru yote ilikuwa imekwisha, na punje za mchanga zimetokeza. Kunguru walipoleta matone mapya, yaliingia chini zaidi kuliko zamani, na madoa yakawa mara mbili. Nilimwendea fundi mwashi wetu, mzee aliyekuwa akirekebisha ngazi za maabara.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sura imekunjamana, kuna nini?"

Nikampeleka barazani. Akachuchumaa, akapitisha kiganja sakafuni, akanyamaza kidogo.

"Mliweka asidi?"

"Ndiyo, Mzee. Ilitoa povu jingi, tukadhani uchafu unatoka."

"Povu lile halikuwa uchafu, mwanangu. Ilikuwa saruji yenyewe inaliwa. Mmemchuna ngozi mgonjwa ili kumwondolea upele. Sasa hapa hapana dawa ila kuchimbachimba na kupiga niru upya."

Baadaye mwalimu wetu wa kemia alituonyesha jambo lilelile darasani kwa kipande cha saruji na matone machache ya asidi. Povu ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka chokaa inapoliwa. Nilijua jawabu la swali hilo kwa mtihani. Sikulijua kwa sakafu. Na nashukuru kwamba usiku ule hatukupata maji ya klorini yale ya kung'arishia nguo nyeupe, maana nilikusudia kuyamwaga juu ya asidi ili kazi iishe upesi. Vitu hivyo viwili vikichanganywa hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Tungeifanya wenyewe, kwa mikono yetu, mlangoni mwa bwalo.

Baada ya hayo niliona afadhali kujaribu kuliko kubahatisha. Kwa ruhusa ya mwalimu wa kemia tulichora kwa chaki miraba minne katika upande wa baraza ambao asidi haikufika, kila mraba ukiwa na kinyesi kikavu. Wa kwanza tuliukwangua kwa koleo, kama desturi. Wa pili tuliusugua kwa ndimu na siki, kama watu wengi wanavyoshauri. Wa tatu tuliulowesha maji, tukaufunika gunia lililolowa kwa nusu saa, kisha tukausugua. Wa nne tuliufanya kama wa tatu, lakini katika maji tulitia sabuni ya unga na magadi.

Matokeo yalikuwa haya. Mraba wa koleo ulitoa vumbi na kuacha mikwaruzo, na mizizi ya kinyesi ikabaki vitunduni. Mraba wa ndimu ulitoa vipovu vidogo, na hapo nikatambua rafiki yangu asidi amekuja kwa nguo nyingine. Ndimu na siki ni asidi pia, ijapokuwa ni za upole. Mraba wa gunia la maji ulisafika karibu wote, ukaacha kivuli tu. Mraba wa magadi haukuacha hata kivuli.

Nilipouliza sababu, mwalimu alinijibu kwa maneno machache. Asidi yuriki, ambayo haipendi maji matupu, huyeyuka vizuri zaidi katika maji yenye magadi, kwa kuwa magadi ni kinyume cha asidi. Wala magadi hayaidhuru saruji. Kumbe dawa tuliyokuwa tukiitafuta katika chupa zenye alama ya hatari ilikuwa jikoni siku zote, karibu na gunia la maharage.

Nieleze basi njia yenyewe, ili mtu yeyote aweze kuifuata shuleni au nyumbani.

Kazi ifanywe asubuhi mapema au jioni, jua likiwa dogo, ili maji yasikauke kabla ya kufanya kazi yake. Mfanyakazi avae glovu, viatu vilivyofunika vidole, na barakoa au kitambaa safi puani. Asifagie wala asikwangue kitu kikavu hata kidogo. Kwanza amwagie maji polepole, kwa kata, si kwa kurusha. Kisha atandaze magunia yaliyolowa juu ya kinyesi na kuyaacha nusu saa; kama ni kinyesi cha siku nyingi, saa nzima, akiyalowesha tena yakikauka. Wakati huo achanganye katika ndoo ya lita 10 konzi moja ya magadi yaliyosagwa na sabuni kidogo. Maji yakiwa ya vuguvugu ni bora zaidi.

Akiondoa magunia ataona kinyesi kimekuwa tope. Alizoe tope hilo kwa kipande cha ubao, si kwa chuma, alitie katika ndoo, likafukiwe katika shimo la mboji. Lisitupwe moja kwa moja juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Kisha amwage maji ya magadi na kusugua kwa brashi ya nyuzi ngumu. Asiyekuwa na brashi atumie ufagio wa chelewa uliokatwa ukawa mfupi, au kumbi la nazi. Bibi zetu walisugua sakafu kwa makumbi miaka mingi, na sakafu zao ziling'aa. Brashi ya waya isitumike. Huchana niru, tena huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo hushika kutu na kuleta doa jingine jekundu. Mwisho asuuze kwa maji mengi mpaka utelezi wa magadi uishe, maana yakiachwa yakauke hubaki unga mweupe, na yakiingia machoni huwasha.

Likibaki doa jeusi au la kijani, hilo ni mwani na kuvu. Hapo, baada ya kinyesi chote kuondolewa na kusuuzwa, yaweza kutumika klorini ya kufulia, kikombe kimoja katika vikombe 9 vya maji, ikaachwa dakika 10, ikasuguliwa na kusuuzwa. Klorini peke yake, bila siki, bila ndimu, bila dawa ya chooni. Wala isimwagwe juu ya kinyesi chenyewe.

Wino wa zambarau wahitaji subira. Chukua udongo mweupe wa kaolini, kama ule unaopatikana Pugu, ukande kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda iuzwayo duka la dawa, mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Pakaa juu ya doa, funika kwa karatasi ya nailoni, acha usiku kucha. Kesho yake funua, uache ukauke, kisha ukwanguwe kwa ubao na kusuuza. Udongo hunyonya rangi kutoka vitunduni, na dawa huififisha. Doa la zamani huenda likataka mara mbili au tatu. Bandu bandu huisha gogo.

Najua yako maneno yatakayosemwa kunipinga, na ni haki yasemwe.

Wa kwanza atasema, kata miti. Jawabu langu ni kwamba mkungu ule ndio darasa letu la jioni wakati wa joto, na kunguru wakikosa mkungu watahamia juu ya paa. Na paa ndilo tulipaswa kuliogopa tangu mwanzo. Juu ya jiko letu pana paa la zege tambarare, nalo ndilo linalokinga maji ya mvua yanayoingia katika tangi. Kinyesi kilichokauka juu ya zege lile masika ikianza huenda wapi? Huenda tangini, pamoja na vijidudu vya kuharisha vinavyoweza kuwamo. Tumekuwa tukisugua baraza kwa ajili ya macho ya wageni, na paa ambalo maji yake twayanywa hatujapanda tangu muhula wa kwanza. Yafaa paa lile lisafishwe kwa njia hii ya maji kabla ya vuli na kabla ya masika, mlizamu uelekezwe nje wakati huo na wakati wa mvua ya kwanza, na maji ya kunywa yachemshwe. Wa kupanda awe mtu mzima pamoja na fundi, si mwanafunzi anayetumikia adhabu.

Wa pili atasema, tuwatilie kunguru sumu. Sumu haichagui mdomo; itaua paka wa jikoni na kuku wa majirani. Kuwapunguza kunguru ni kazi ya serikali na wataalamu wake. Kazi yetu ni kuwanyima chakula. Kunguru hakai asipokula, nasi ndio tunaomlisha. Tazama mapipa nyuma ya bwalo yasivyo na vifuniko, na matonge ya ugali yanayotupwa chini ya mkungu kila mchana. Tumemwandalia meza, kisha twakasirika akiacha alama ya kushiba.

Wa tatu atasema maji ni haba. Ni kweli. Lakini magunia yaliyolowa hutumia maji machache kuliko kumwaga ovyo, na maji ya kusuuzia vyombo, yakichujwa mabaki ya chakula, yafaa kwa kuloweshea mara ya kwanza. Tena doa la leo hutaka kata moja ya maji, na doa la muhula mzima hutaka ndoo tatu. Mchelewaji ndiye mwenye kupoteza maji.

Wa nne, naye namheshimu kuliko wote, ni mwalimu atakayeuliza, je, mkiondoa adhabu hii, nidhamu italindwaje? Kwa heshima nasema: adhabu zipo nyingi, na shamba la shule halijapata kukosa magugu. Lakini tazama adhabu hii imetufundisha nini. Imetufundisha kwamba kusafisha ni kazi ya mwenye hatia. Mtu asiye na kosa akiona kinyesi barazani hukiruka, kwani akiinama kukifuta ataulizwa, "Umefanya kosa gani?" Niliwahi kuulizwa hivyo mimi, kiranja, na ndoo mkononi. Na aliyeadhibiwa hufanya kazi kwa chuki, hukwangua juu juu ili saa ipite, hajifunzi kitu wala hamfundishi mwingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo yetu. Sidhani alikusudia ziwe sehemu ya makosa yetu. Na baraza lile lina kemia, baiolojia na ufundi wa ujenzi pamoja. Tumekuwa na maabara mlangoni mwa bwalo, tukaifanya gereza.

Kwa hiyo napendekeza haya machache. Kila bweni lipewe zamu ya wiki moja, viranja tukiwa wa kwanza kushika brashi. Kila asubuhi, kabla ya uji, watu wanne waloweshe na kufuta matone ya usiku yangali mabichi. Kwa hesabu yangu ni kazi ya dakika 10. Jumamosi iwe ya magunia na magadi. Mapipa yapate vifuniko, na mabaki ya chakula yachukuliwe kila siku kabla ya saa kumi. Makoleo yarudi shambani yalikotoka. Na ile sehemu niliyoiharibu kwa asidi, namwomba Mkuu wa Shule aruhusu ipigwe niru upya wakati wa likizo. Mimi na wale wenzangu watatu tumekwisha kumwambia Mzee fundi kwamba tutabaki siku mbili kumchanganyia saruji na kumbebea maji. Ametukubalia, kwa sharti kwamba tusilete chupa yoyote kutoka stoo ya vyoo.

Wazazi wetu wapendwa, mkija muhula ujao msitazame weupe wa baraza tu. Weupe naweza kuwaonyesha kwa usiku mmoja. Nilikwisha kufanya hivyo, na gharama yake mnaikanyaga mnapoingia bwaloni. Ulizeni nani amelisafisha, na kwa nini alichaguliwa. Mkijibiwa, "Ni zamu ya bweni fulani," basi jueni tumeanza kujifunza. Mkiona tena watoto mstari mmoja, mapanga mkononi na vumbi puani, tafadhali tuulizeni tena, na mara hii kwa sauti kubwa zaidi.

Kiranja wa Usafi,
Kidato cha Tatu